Nimeisoma simu ya binti yangu usiku, sasa sijui pa kuanzia

Mama, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtwara mjini, mtaa naomba niuache. Kazi yangu ni samaki. Asubuhi niko Feri nasubiri vyombo viingie, jioni nakaanga na kuuza karibu na nyumbani. Baba wa watoto tuliachana, ana mji mwingine Masasi. Anayenisaidia mambo makubwa ni kaka yangu aliyeko Tandahimba, ana mikorosho yake, na watoto wangu wanamsikiliza mjomba wao kuliko mtu yeyote.

Huyu ninayekuandikia habari zake ni binti yangu wa kwanza, ana miaka 15, yuko kidato cha pili, mwezi wa 11 ana mtihani wa upimaji. Ni mtoto mzuri, mchapakazi, mcheshi. Nyumbani tunamwita Cheusi tangu mdogo, kwa sababu amechukua rangi ya marehemu bibi yake, ile nyeusi inayong'aa. Ni jina la mapenzi, hata wateja wangu wanamwita hivyo.

Desemba iliyopita mjomba wake aliuza korosho, malipo yakaingia, akamnunulia simu janja. Mimi sikutaka, lakini ningemwambia nini kaka yangu? Mtoto alifurahi mpaka akalia. Mwanzoni simu ilikuwa na faida. Alijifunza misuko kwenye video akawa anawasuka majirani, Jumamosi anapata hela ya daftari. Maswali ya hisabati akishindwa anatafuta humo humo.

Kuanzia kama mwezi wa tatu nikaanza kuona mambo. Anasimama ukutani nyuma ya nyumba pale kwenye mwanga wa jioni, anajirekodi, anatazama, anafuta, anajirekodi tena. Siku moja nilihesabu mara 11 nikiwa kwenye karai langu, na hakuiweka hata moja. Zile anazoziweka TikTok si yeye. Uso mweupe, pua nyembamba, macho makubwa. Nikamuuliza huyu nani, akasema "ni filta tu mama." Usiku naona mwanga chini ya kanga. Asubuhi kumwamsha ni vita. Halafu chini ya godoro nikakuta kikopo cha mkorogo, hakina hata lebo.

Sasa jambo lenyewe. Usiku mmoja alisinzia na simu mkononi. Patani yake naijua, ni herufi Z, nimemwona akiichora. Nikaifungua. Mama, najua si vizuri, lakini niliifungua. Kuna grupu la WhatsApp la darasa lao, watoto zaidi ya 40. Wamekata uso wake kutoka kwenye video moja, amefumba jicho moja na mdomo wazi, wakatengeneza stika, chini wameandika MKAA. Kila mtu akisema jambo la kuchekesha, anatumiwa ile stika. Nimeshuka nayo juu chini, ipo kila mahali. Na kilichoniumiza zaidi, mwanangu mwenyewe anajibu kwa vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, vitatu, vinne.

Halafu nikaingia kwenye mazungumzo yake na rafiki yake mmoja. Usiku wa siku mbili nyuma, saa 8:40, alimwandikia: "Bora hata nisingezaliwa." Sikuendelea kusoma. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Kesho yake nikamnyang'anya simu. Nikamwambia ni kwa sababu ya masomo, sikusema nimeona nini. Ipo kwenye sanduku langu la nguo, leo siku ya tisa. Hajagomba wala hajalia. Amenyamaza tu. Anakula kidogo, anaosha vyombo, jioni anakwenda kwa yule rafiki yake na kurudi magharibi imeshapita.

Nilimgusia kaka yangu kwamba simu inamharibu mtoto. Amesema likizo hii ya mwezi wa sita nimpeleke Tandahimba akasaidie kupulizia mikorosho, "akishika kazi akili itamrudi", na simu ataivunja mwenyewe. Kungwi wake naye anasema huyu mwali alichezwa harakaharaka, arudishwe akafundwe upya. Jirani anasema nimrudishie tu simu, watoto wa siku hizi ndivyo walivyo.

Mama, nimrudishie? Nimpeleke kwa mjomba wake? Na nitamwambiaje kwamba nimesoma? Nikimwambia ataniona mwizi. Nisipomwambia, kila nikimtazama naiona ile stika.

Mama wa Mtwara

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwenye saa 8:40 usiku. Umeniuliza kuhusu simu, na nitafika kwenye simu, lakini niruhusu nianze na yale maneno yake, kwa sababu hayo hayasubiri likizo.

"Bora nisingezaliwa" inaweza kuwa kauli ya mtoto aliyechoka na usiku mrefu. Inaweza pia kuwa zaidi ya hapo. Mimi na wewe hatuwezi kujua kwa kukisia, na yeye ndiye pekee anayejua. Kwa hiyo muulize. Tafuta wakati mko wawili tu, labda mnaparua samaki, maana mikono ikiwa na kazi macho hayalazimiki kukutana. Muulize kwa maneno ya wazi: "Mwanangu, umewahi kuwaza kwamba ni afadhali usiwepo? Umewahi kuwaza kujidhuru?" Wazazi wengi wanaogopa swali hilo, wanadhani litampandikizia mtoto wazo. Halimpandikizii. Wanaoshughulika na afya ya akili wanalifahamu hili vizuri: mtoto mwenye wazo hilo akiulizwa kwa upole, mara nyingi anapumua, kwa sababu hatimaye kuna mtu ameubeba mzigo upande wa pili.

Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna ambayo moyo wako unaikataa, au ukiona anagawa vitu vyake na kuaga watu, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hapo mjini mna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Waambie waziwazi kwamba mtoto anazungumzia kutotaka kuishi, usiseme ana homa ili kuficha aibu. Na ipo namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Unaweza kupiga wewe, anaweza kupiga yeye.

Hapa ndipo safari ya Tandahimba inaponitia hofu. Kaka yako ana nia njema, sina shaka. Lakini huu ndio msimu wa kupulizia. Nyumba nyingi za wakulima wa korosho wakati huu zina salfa na viuatilifu vya maji, mara nyingi kwenye kona ya chumba wanacholala watu. Mtoto ambaye hatujui moyo wake umefika wapi, sipendi awe mahali sumu iko wazi, mbali na mama yake, akiwa anaamini amefukuzwa nyumbani kwa kosa ambalo hakuambiwa. Huenda baadaye, moyo wake ukishajulikana, kukaa na mjomba anayempenda kukamfaa sana. Hilo mtalipima. Siku yoyote atakayokwenda, dawa za shamba zifungiwe kwa kufuli, na kazi ya kupulizia aachiwe mtu mzima aliyejikinga.

Sasa simu.

Wewe, kaka yako na kungwi mnatofautiana dawa, lakini ugonjwa mmeupa jina moja, kwamba simu imemharibu mtoto. Naomba tuligeuzegeuze jina hilo kidogo. Mtoto mweusi kuitwa mkaa hakukuanza na WhatsApp. Mimi nimekuwa mwalimu wa malezi miaka mingi huku Kusini, na maneno hayo niliyasikia kwenye uwanja wa mstari kabla ya simu hizi. Tofauti ni kwamba zamani kengele ikilia mtoto alirudi nyumbani, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwita mkaa. Siku hizi darasa zima linaingia naye chini ya kanga. Stika haichoki, inatumwa saa sita usiku na anayeituma hauoni uso wa anayeumia. Nawe umeona mwenyewe jinsi anavyojibu kwa vikatuni vya kucheka. Hicho si kicheko, ni njia ya mtoto ya kuwaomba wasiendelee. Akikasirika, stika zitakuwa mia.

Na kuna lile la filta. Programu kama TikTok inaangalia umesimama wapi na kwa muda gani, kisha inakuletea zaidi ya kile kile. Haiulizi kama unachotazama kinakufurahisha au kinakuumiza. Msichana aliyeitwa mkaa mchana, usiku akikawia kwenye video moja ya krimu ya kung'arisha, kesho ataletewa kumi. Baada ya mwezi ataamini dunia nzima ni nyeupe isipokuwa yeye. Halafu kamera hiyo hiyo inampa uso wa kuazima. Zile mara 11 ulizohesabu kando ya karai, nadhani ulikuwa unamtazama mtoto akitafuta uso ambao hawataweza kuukata. Mwaka 2021 zilivuja karatasi za ndani za kampuni inayomiliki Instagram, ikaonekana wao wenyewe waliwahi kuwauliza wasichana: kati ya wale waliokuwa tayari wanauchukia mwili wao, asilimia 32 walisema Instagram inawazidishia. Kwa hiyo binti yako si mpumbavu wala hakukosa kufundwa. Anashindana na kitu kilichotengenezwa kwa ustadi mkubwa, na anashindana nacho akiwa na usingizi.

Usingizi nisiupite. Mtoto wa umri wake anahitaji saa 8 mpaka 10 kila usiku. Aliyekuwa anaandika saa 8:40 na kuamshwa alfajiri kwenda shule amelala saa mbili na ushei. Mtu mzima akilala hivyo wiki moja, kila jambo dogo linamliza. Sehemu ya huzuni unayoiona inaweza kuwa ni usingizi tu. Sehemu, sijasema yote.

Wapo wanaotaka simu iondoke kabisa, na si watu wa kupuuzwa. Mei 2023, Vivek Murthy, aliyekuwa mganga mkuu wa umma wa Marekani, alitoa tahadhari kwamba vijana wanaokaa mitandaoni zaidi ya saa 3 kwa siku wana hatari mara mbili ya kupata dalili za sonona na wasiwasi. Australia imekwenda mbali zaidi, tangu Desemba 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Lakini tahadhari ile ile ya Murthy ilisema pia kwamba wapo vijana wanaopata faraja na watu wa kuwaelewa humo humo. Na si rahisi kujua kipi kimeanza, kwa sababu mtoto mwenye huzuni naye hukimbilia simu. Wewe mwenyewe umeandika kuhusu misuko na hisabati. Ulipoifungia simu sandukuni, ulifungia na hivyo.

Ulifungia na kitu kingine. Hukuniambia rafiki yake alimjibu nini, kwa sababu hukuendelea kusoma, na nakuelewa. Lakini fikiria: saa 8:40 usiku, katika Mtwara nzima, kulikuwa na mtu mmoja ambaye mwanao aliweza kumwambia. Siku chache baadaye uzi huo ukakatwa naye hajui kwa nini. Sasa unasema jioni anakwenda kwa rafiki yake na kuchelewa. Umeliandika kama kosa. Mimi nimelisoma kama habari njema. Huenda anatumia simu ya mwenzake akiwa huko, na stika anaziona vilevile, kwa hiyo sanduku halimkingi kama unavyodhani. Lakini anakwenda kwa mtu. Ningekuwa wewe, kabla ya kumzuia, ningempa samaki wawili awapelekee.

Ukiamua simu ibaki sandukuni mpaka mwezi wa 11, atapata usingizi, ila atasoma akijua ameadhibiwa kwa kuchekwa. Ukimrudishia bila maneno, kama jirani anavyosema, unamrudisha kwenye lile grupu peke yake. Wapo wazazi waliopita katikati: simu inarudi, lakini kuanzia saa tatu usiku inalala sebuleni kwenye chaji, na ya mama inalala hapo hapo. Najua simu yako ndiyo inayokuletea habari za vyombo alfajiri. Ndiyo maana ninaitaja, kwa sababu sheria ya nyumba ikimhusu yeye tu ataiona ni jela. Anaweza kujitoa kwenye grupu, au kulinyamazisha, lakini achague yeye. Kujitoa nako kuna maumivu, matangazo ya darasa yapo humo na watamcheka kwa kukimbia. Kwenye TikTok mkae pamoja, akuonyeshe umri aliouandika alipojiunga. Aliye chini ya miaka 18 huwekewa kikomo cha dakika 60 kwa siku, ingawa anaweza kukivuka kwa namba ya siri. Akidanganya umri hata hicho hakipo. Video za krimu anaweza kuzikandamiza kwa kidole na kuiambia programu hazimpendezi. Ni kazi ya siku nyingi, video zile hazitoweki kwa jioni moja.

Kuhusu kusoma kwako simu. Unaogopa atakuona mwizi. Inawezekana, na akikasirika ana haki, mwache akasirike. Lakini usipomwambia utakuwa unamzunguka kwa maswali ya pembeni, naye ana akili, atajua. Labda uanze hivi: "Mwanangu, nilifungua simu yako ulipokuwa umelala. Sikukuomba, na hilo ni kosa langu. Niliogopa. Nimeiona ile stika. Nimeona uliyomwandikia mwenzako. Simu sikuichukua kwa ajili ya masomo, niliichukua kwa sababu nilishindwa la kufanya." Kisha unyamaze, hata kama kimya ni kirefu. Atabadilisha patani, hilo lijue mapema. Usimuulize mpya.

Shuleni kuna mwalimu wa ushauri na unasihi, anaweza kulizungumza darasani bila kutaja jina. Lakini usiende bila ridhaa ya binti yako, isipokuwa ukiona maisha yake yako hatarini. Mzazi akitokea getini ghafla, kesho kuna stika ya mama. Piga picha ya skrini ya yale mazungumzo ya grupu muihifadhi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumsumbua na kumuumiza, na polisi wapo wa Dawati la Jinsia na Watoto. Ila hawa ni watoto wa darasa moja, baadhi yao wanatuma stika ili zamu isiwafikie wao. Nisingeanzia polisi. Wewe unawajua wazazi wao, huenda wengine mnakutana Feri.

Kile kikopo usikitupe kwa kelele. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, vimepigwa marufuku nchini, na kisicho na lebo hakuna anayejua kimebeba nini. Zebaki huharibu figo. Nenda naye kituo cha afya, mhudumu aitazame ngozi yake na amwelezee yeye, si wewe.

Kaka yako mpigie tena. Aliyenunua simu ile alifanya hivyo kwa mapenzi, na sasa anataka kuivunja kwa mapenzi yale yale. Si lazima umwambie kila kitu, hilo muulizane kwanza na mtoto. Lakini kama neno la mjomba lina uzito kwake kama usemavyo, huenda anahitaji kulisikia kwenye jambo hili kuliko anavyohitaji shamba.

Nimebakiza moja, nalisema taratibu. Cheusi. Najua mlivyolikusudia, na marehemu bibi yake angelifurahia. Lakini mtoto anayeitwa mkaa shuleni siku nzima, akifika nyumbani anapokewa kwa jina la rangi ile ile, na wateja kwenye karai wanalipokezana. Pengine bado analipenda, ndilo jina pekee linalomwambia rangi hiyo ni nzuri. Pengine limeanza kumchoma na hajapata pa kusema. Sijui, na wewe hujui bado. Mkiwa mmekaa mnaparua samaki, baada ya yale mengine yote, muulize angependa umwite nani. Kisha niandikie alivyojibu.